Sauti Chini ya Kitambaa

Sogeeni karibu. Masikio yote yamefika? Haya, sikilizeni.

Mboni alikaa Lushoto, juu milimani. Alikaa na Bibi na mdogo wake, Hoza. Huko jioni ukungu hushuka, hata kuku mlangoni humwoni.

Mboni alikuwa mcheshi. Lakini akikasirika, lo! Alifoka mpaka vikombe vikatetemeka. Na Hoza pia akatetemeka.

Jioni moja ukungu ulishuka mzito. Umeme ukakatika. Nyumba nzima kimya.

Sebuleni palikuwa na redio kuukuu ya kaseti. Bibi aliifunika kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe.

Pa! Umeme ukarudi. Na chini ya kitambaa, kitu kikaanza kusema.

*Krrr… krrr… Tooookaaa… Sikutaaaakiii…*

Hoza akaingia chini ya meza. "Dada, nani huyo?"

"Sijui," Mboni akanong'ona.

Umeme ukakatika. Kimya. Umeme ukarudi.

*Krrr… krrr… Tooookaaa… Sikutaaaakiii…*

Sauti ilikuwa nene. Ilikuja polepole. Haikuwa sauti ya mtu wa nyumba ile.

Bibi akaja mbio na kandambili zake. "Redio hii inataka kofi tu!"

Pwa! Akaipiga.

*KRRR! KRRR! TOOOKAAA!*

"Yarabi!" Bibi akaruka nyuma. "Itupeni! Au mwiteni Zaina!"

Shangazi Zaina alikuwa fundi redio. Alikaa nyumba ya pili. Akatokea ndani ya ukungu, kwanza tochi, kisha yeye.

"Shikamoo, shangazi," Mboni akasema. "Tuitupe?"

"Marahaba, mwanangu. Hatutupi kitu kabla ya kukifungua. Na hatukipigi. Kwanza tunakisikiliza."

Wakasikiliza wote. Hata Bibi, ingawa alifumba macho.

*Krrr… krrr… Tooookaaa…*

"Aaa," Shangazi akasema. "Inakwama mahali."

Akachomoa waya ukutani. Akafungua skrubu moja, mbili, tatu, akaziweka kwenye kisosi.

"Tazama, Mboni. Kitufe hiki kimekwama. Ndiyo maana umeme ukirudi, kaseti inaanza yenyewe. Na vumbi hili linaifanya izunguke polepole."

Akafuta kwa brashi ndogo, taratibu. Swi, swi, swi.

Akachomeka tena waya, akarudisha kaseti nyuma. Akawasha.

Kwanza walimsikia Hoza. Alikuwa anaimba kwa sauti ndogo. Kisha wakasikia, tena na tena, "Toka! Sikutaki!"

Mboni akaganda. Sauti ile aliijua.

"Ni mimi," akasema.

Hoza akasema kutoka chini ya meza, "Nilikuwa najirekodi naimba. Ukaja ukanifokea."

"Hoza, unaniogopa?"

"Ukifoka, ndiyo. Sana."

Usiku huo Hoza alilala kwa Bibi. Kitanda alicholala na Mboni kila siku kikawa kikubwa mno kwa mtu mmoja. Ukungu ukachungulia dirishani, na Mboni akalia.

Asubuhi akaenda kwa Shangazi Zaina.

"Shangazi, na mimi nimeharibika? Mtanitupa?"

"Tukutupe wapi, wewe?" Shangazi akampakata. "Una mahali panapokwama. Tupatafute. Kabla hujafoka, unasikia nini?"

Mboni akafumba macho. Akajisikiliza.

"Nasikia moto hapa kifuani. Naogopa Hoza atachana daftari langu la picha."

"Basi ni hapo. Moto ukija, nyamaza kwanza. Kisha sema unachoogopa."

"Na nikifoka tena?"

"Vumbi hurudi, mwanangu. Tunafuta tena."

Jioni ukungu ukashuka. Mboni akaingia sebuleni. Nani ameshika daftari lake? Hoza!

Moto ukapanda kifuani. "TO—!"

Hoza akakimbilia chini ya meza.

Mboni akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akavuta pumzi. Akavuta nyingine.

"Hoza, nisamehe," akasema. "Naogopa utalichana. Njoo tulifungue pamoja."

Chini ya meza kikatoka kichwa. Yakatoka mabega. Akatoka Hoza mzima, na daftari halijachanika hata kidogo.

Wakatazama picha zote, mpaka ya mwisho.

Wakati wa kulala ukafika. Mboni akajilaza peke yake kwenye kitanda kile kikubwa. Mlango ukalia, kwiii. Kitu cheupe kikaingia polepole.

Alikuwa Hoza, amejifunika shuka.

"Dada, nilale kwako?"

"Njoo."

Hoza akapanda. Akamwekea dada yake miguu tumboni. Baridi hiyo!

Mboni akavuta pumzi. "Hoza, miguu yako ina baridi. Iweke hapa, kwenye blanketi."

Hoza alikuwa amekwisha kulala fofofo.