Mgongo wa Baba na Mgongo wa Mama

Kila Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, nyumba ya akina Wening mjini Semarang ilianza kufungasha. Baba alivuta hema kutoka uvunguni mwa kitanda. Mama alikunja masweta. Bibi Sumirah, aliyemzaa Baba, alikaa jikoni akifunga wali na tempe, soya iliyochachushwa na kukaangwa, kwenye majani ya mgomba, fungu la kila mmoja peke yake. Yeye mwenyewe hakuwa akisafiri. Alikuwa mjane wa siku nyingi, na magoti yake yalimtosha kwenda msikitini na kurudi tu.

Wening alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kazi yake ilikuwa kujaza chupa ya chai na kupeleka viatu garini. Asubuhi ya Jumamosi moja alivibeba viatu macho yakiwa nusu yamefumba, akamkanyaga paka wa jirani.

"Umelala vizuri, mwanangu?" Baba akamwuliza.

"Vizuri, Baba."

"Na wewe, Mama Wening?"

"Vizuri kabisa," Mama akajibu, huku akigeukia ukuta ili apige miayo bila kuonekana. "Wewe je?"

"Mimi? Nimelala kama gogo!"

Bibi aliwatazama wote watatu, akabana jani kwa njiti.

Safari hizo zilikuwa na chanzo chake. Miaka mitatu nyuma, Mama alimzika mtoto mchanga, mdogo wake Wening. Baada ya hapo alikaa miezi mingi akitazama ukuta. Chakula hali, akiongeleshwa hajibu. Baba akaazima gari la ndugu yake, akampeleka milimani kwenye baridi na harufu ya misonobari. Huko juu Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Baba hakulisahau tabasamu lile. Akanunua kigari cha zamani, akajiambia: mke wangu ataiona milima kila mwisho wa juma, hata nikichoka vipi.

Mama naye alikuwa na yake moyoni. Alimwona mumewe anavyokunjua ramani na kuhesabu kamba za hema, akawaza: maskini, juma zima amefungiwa kwenye ghala la samani, hii ndiyo furaha yake. Nitamnyang'anyaje? Mama mwenyewe alishona nguo kiwandani toka Jumatatu hadi Ijumaa, ameinama kwenye cherehani mpaka jioni.

Basi wakawa wanapelekana milimani, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayetaka.

Lakini mwili hauna adabu za kwetu. Mwili ukichoka hausemi "sijachoka hata kidogo". Kila Jumatatu, kabla Mama hajarudi kutoka kiwandani, Baba aliingia chumbani kwa Bibi akavua shati.

"Upepo umeniingia mwilini, Mama."

Bibi alimpaka mafuta, akachukua sarafu, akamkwangua mgongo kwa mistari kutoka kwenye uti kuelekea mbavuni. Sisi husema uchovu ni upepo ulioingia mwilini, na mstari ukiwa mwekundu sana, basi upepo huo ni mwingi. Wening ndiye aliyeshika bakuli la mafuta, na mgongo wa baba yake aliuona: mwekundu kama pilipili iliyoiva.

"Mama Wening asijue," Baba alisema kila mara. "Akijua atakataa tusiende, na milima ndiyo dawa yake."

Siku ya pili yake ilikuwa zamu ya Mama. Alimvizia Baba akienda kuoga, akaingia kwa Bibi huku anachechemea.

"Nisaidie kidogo, Mama. Lakini mwanao asijue. Atajinyima raha yake kwa ajili yangu."

Wening alishika bakuli lile lile. Mgongo wa Mama nao ulikuwa pilipili.

"Ya mgonjwa hayatangazwi," Bibi alimwonya mjukuu wake. "Na mtoto mwenye adabu hamwambii mkubwa kwamba amechoka. Watasema wenyewe siku ikifika."

Wening alitii. Lakini Jumapili iliyopita, walipokuwa wakirudi, lilitokea jambo ambalo Wening hakumwambia hata Bibi. Mama alikuwa amesinzia. Kichwa cha Baba kilidondoka kifuani, gari likavuka mstari wa katikati ya barabara. Lori likapiga honi. Baba akashtuka, akavuta usukani, akasema, "Barabara mbovu hii." Barabara haikuwa na shimo hata moja.

Juma zima Wening alibeba jambo hilo kama jiwe kwenye begi la shule. Siku ya Jumatatu, wanafunzi waliposimama uwanjani kupandisha bendera, alisinzia akiwa wima, akamwegemea mwenzake. Aliwaza: nikisema, nimemvunjia Baba heshima na nimetoa siri. Nisiposema, je, lori lile likirudi?

Na sasa Jumamosi imefika tena, na viatu viko garini.

Mlima wa safari hiyo ulikuwa Andong. Si mlima mkubwa. Watoto wa shule huupanda wakiimba. Lakini mwenye usingizi hata ngazi za nyumbani ni mlima. Walipofika katikati walikutana na vijana wanashuka, mabegi mgongoni.

"Kileleni bado mbali?" Baba akauliza.

"Bado kidogo tu, Mzee! Hapo kwenye kona!"

Kila mtu kwetu anaijua "bado kidogo" ya milimani. Inaweza kumaliza maji yote uliyobeba. Kona ilifika, na nyuma yake kulikuwa na kona nyingine.

Baba akasimama. "Mama Wening, ukitaka kupumzika, tupumzike."

"Mimi sijachoka. Labda wewe."

"Mimi? Hata! Nilikuwa nakufikiria wewe."

"Basi twende."

"Twende."

Hakuna aliyekwenda. Walisimama pale wakihema, kila mmoja akingoja mwenzake ainue mguu kwanza. Wening aliwahurumia.

"Mimi nina kiu," akasema.

"Ah, mtoto ana kiu!" wakasema kwa pamoja, wakaketi chini kwa kishindo kama magunia ya mchele.

Usiku upepo ulilipiga hema mpaka kukakucha, na hakuna aliyepata usingizi wa maana. Asubuhi jua lilichomoza, Mlima Merbabu ukasimama mbele yao umejifunga ukanda wa wingu. Mama alitabasamu, Baba akampiga picha. Picha ilipokwisha, tabasamu nalo likaondoka usoni, na Mama akaanza kusugua goti lake.

Walishuka, wakapakia mizigo, wakashika njia ya Kopeng kurudi nyumbani. Njia ile inateremka kwa kona nyingi, mashamba ya kabichi na karoti huku na huku. Mama alilala kabla hawajamaliza kona ya kwanza. Wening alikaa nyuma, macho yake kwenye kioo cha dereva. Humo aliyaona macho ya Baba. Yalikuwa yakifumba, yakikawia, yakifumbuka.

"Baba," akaita kwa sauti ndogo.

"Naam."

"Hujachoka, Baba?"

"Hata kidogo, mwanangu. Lala wewe."

Wening hakulala. Aliinamia mbele kutazama barabara. Chini yao, kwenye kona, lilitokea lori limejaa kabichi, linapanda polepole. Akatazama kioo. Macho ya Baba yalikuwa yamefumba, na safari hii hayakufumbuka.

"Baba, unalala!" akapiga kelele kwa nguvu zake zote. "Amka! Unalala!"

Baba alishtuka, akakata usukani kushoto, akakanyaga breki. Lori likapita huku dereva wake akitukana. Gari likaserereka, likatumbukiza gurudumu la mbele kwenye mtaro, likazimika. Kabichi moja iliyoanguka kutoka kwenye lori iliviringika barabarani, ikaenda zake.

Hakuna aliyeumia. Mwenyezi Mungu ana huruma.

Walitoka garini. Mwanamke mmoja mwenye jembe begani alikuja mbio kutoka kwenye karoti zake. Jina lake lilikuwa Bi Karsinah. Alipoona wote wazima, akashusha jembe.

"Nyinyi wa mjini," akasema, "barabara hamkuiona, au mmeupenda mtaro wangu?"

Akaita majirani. Wanaume waliacha majembe, wakalishika gari pande zote, wakahesabu, wakalinyanyua na kulirudisha barabarani. Hakuna aliyedai kitu. Ndivyo ilivyo huko. Mzigo wa mmoja una mikono mingi.

"Karibuni kwangu mpumzike," Bi Karsinah akasema. "Chai ipo."

"Asante sana, tusikusumbue," Baba akajibu. "Hatujachoka."

"Karibuni, jamani. Hata kidogo tu."

"Hatujachoka hata kidogo," Mama akaongeza kwa upole. "Tunaendelea tu."

Baba akafungua mlango wa gari. Mama akafungua wa kwake. Wening hakusogea.

"Mimi siingii," akasema.

"Wening!" Mama akashangaa. "Mbele za watu?"

"Siingii, Mama. Baba amechoka. Juma lililopita pia alilala akiendesha. Kila Jumatatu Bibi anamkwangua mgongo, nami nashika mafuta. Anakuficha kwa sababu anasema milima ni dawa yako." Machozi yalianza kumtoka, lakini aliendelea. "Na Mama pia amechoka. Anakwanguliwa Jumanne. Anamficha Baba kwa sababu anasema milima ni raha ya Baba. Wote mnasema hamjachoka. Wote mmechoka! Na mimi nimechoka!"

Wanaume wenye majembe wakatazama miguu yao. Mmoja akajifanya anakagua gurudumu.

Mama alimwendea Baba, akainua shati lake mgongoni. Mistari ilikuwa imefifia, lakini ilikuwapo.

"Tangu lini?" akauliza.

"Muda," Baba akasema. "Na wewe?"

"Muda."

"Lakini si wewe unayependa milima?"

"Naipenda, Baba Wening. Lakini si kila Jumamosi! Mimi nilikuwa nakusindikiza wewe."

"Mimi nilikuwa nakupeleka wewe!"

Walitazamana. Mama akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akakaa ukingoni mwa mtaro akajifunika uso kwa ushungi. Baba akachuchumaa karibu naye. Baadaye akamvuta Wening kwake.

"Ungechelewa kidogo kupiga kelele," akaanza kusema, akaishia kumpangusa machozi.

"Haya," Bi Karsinah akasema, "mmekwisha kukaguana migongo? Chai inapoa."

Walikunywa chai. Bi Karsinah akawatandikia mikeka sebuleni, wakalala wote watatu kama watu waliodondoshwa, hadi adhana ya adhuhuri. Baada ya sala walianza safari tena. Mama alikaa macho, akiongea na Baba njia nzima.

Bibi Sumirah aliyasikia yote jioni ile, kitambaa cha sala bado kichwani. Wening aliinamisha uso akingoja kugombezwa kwa kutoa siri. Bibi akamvuta akae karibu naye.

"Nilimfunza mtoto kunyamaza," akasema, "na kunyamaza huko kumekaribia kunizikisha nyumba nzima. Sikilizeni, na wewe Wening sikiliza vizuri. Ukienda kwa mgeni, sema hujachoka, kula kidogo, shukuru, ondoka. Hiyo ni adabu. Lakini mtu mnayelala naye nyumba moja, mwambie kweli. Ukimficha maumivu yako hujamheshimu. Umemwacha agombane na giza. Na kwenye usukani hakuna mkubwa wala mdogo. Anayeona hatari aseme. Asiposikiwa, apige kelele. Miili hii tumeazimwa na Mwenyezi Mungu, na tutaulizwa tuliitumiaje."

"Ndiyo, Mama," Baba na Mama wakajibu kama wanafunzi.

Hapo hapo wakakubaliana: milimani mara moja kwa mwezi, tena baada ya kulala vya kutosha, na anayejisikia vibaya anasema kabla gari halijawashwa.

Jumamosi iliyofuata, Wening aliamka alfajiri, akasali, akarudi kitandani. Nyumba ilikuwa kimya. Kutoka chumba cha wazazi wake ilisikika mikoromo miwili, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Nje, Bibi alikuwa akifagia uani. Jirani yao Mzee Tukijan, fundi wa baiskeli, alipita na mfuko wake wa vifaa.

"Bibi Sumirah, leo wanakwenda mlima gani?"

"Hawaendi. Wamechoka."

Mzee Tukijan akasimama. "Wamechoka? Wamesema wenyewe?"

"Wamesema wenyewe."

Mzee akafikiri. Akautua mfuko, akaketi taratibu kwenye benchi la mlangoni, akanyoosha miguu yake miwili.

"Kusema kweli, Bibi," akasema, "hata mimi nimechoka."