Modemu ya Muhsina

Maonyesho ya kompyuta ya Maskati mwaka ule wa 2004 yalijaa watu hata pa kutia mguu hapakuwa. Marhoon, mwalimu kijana wa chuo kikuu huko Al Khoudh, alisimama nyuma ya meza akigawa bure sidii za Linux, programu ya kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Kanzu yake ilipigwa pasi ikakakamaa, kofia kaiweka upande kidogo, na hakuna aliyemtazama. Mara akatokea msichana mwenye abaya iliyotariziwa zambarau mikononi, ananukia udi, anagomba kwenye simu kwa Kiswahili.

"Laptopu imezimika tena, mama! Imejaa virusi!"

"Niletee mie nikutilie Linux," Marhoon akadakia. "Haivijui virusi hivyo."

"Kwa kiasi gani?"

"Bure."

"Bure, Maskati hii? Una lako jambo wewe."

Alikuwa nalo. Haukupita muda simu zikawa asubuhi na jioni, na msichana yule, Muhsina, mfasiri wa ofisi moja ya serikali, akawa hapati usingizi mpaka asikie sauti ya Marhoon. Laptopu yake nayo ikatiwa Linux. Skrini ikawaka, sauti ikatoka, printa ya ofisini ikachapa bila kinyongo. Modemu tu ndiyo iliyogoma, na bila modemu hakuna intaneti. Modemu nyingi za ndani siku zile zilikuwa nusu kifaa, nusu iliyobaki ikifanywa na Windows, na watengenezaji hawakutaka kumwonyesha mwingine namna ya kuziendesha. Marhoon alilijua hilo vizuri. Lakini mwanamume aliyependa hakubali kushindwa na kidude mbele ya mchumba.

"Lini, habibi?"

"Kesho, roho yangu. Ila usimpe mtu mwingine aiguse."

"Unaionea wivu laptopu?"

"Nakuonea wivu wewe na kila kilicho chako."

Muhsina alicheka, akidhani ni mzaha.

Kesho ikawa miezi. Wiki ambayo wazee wa Marhoon wangekwenda kuposa siku ya Ijumaa kwa mzee Sleyum, mjomba wake Muhsina na msimamizi wake, yeye alipeleka gari gereji, mtaa wa Wadi Kabir. Duka la kompyuta la jirani lilikwishafungwa kwa mapumziko ya mchana, lakini nyuma ya kioo walikaa watu wawili na laptopu kati yao. Mmoja alikuwa Muhsina. Anacheka, mtandio umemwangukia mabegani, nywele zote nje. Nywele ambazo Marhoon hajapata kuziona hata unywele mmoja!

Akausukuma mlango, kumbe haukukomewa. Muhsina alipomwona tu akauvuta mtandio kichwani, na kwa Marhoon huo ukawa ndio ushahidi.

"Huyu nani?"

"Hatem. Tulia kwanza nikwambie…"

"Hatem anaonyeshwa nywele, mie nafunikiwa!" Akamgeukia yule mwanamume. "Na wewe huna haya? Unajifungia na mchumba wa mwenzio?"

Hatem aliweka bisibisi mezani.

"Niulize basi, Marhoon," Muhsina alisema. "Niulize ni nani wangu."

Hakuuliza. "Mwambie mjomba wako Ijumaa hatuji," akasema, akatoka.

Nyumbani alimkuta mama yake, Bi Nunu, anachagua mchele. Akamsimulia yote ya dukani. Bi Nunu akaacha mchele, akashika kichwa.

"Hatem wa Wadi Kabir? Mama yake alikufa kwa uzazi, akanyonyeshwa na mama yake Muhsina. Ndugu yake wa ziwa yule! Hawaoani mpaka kiama. Nywele zake kaziona tangu wadogo. Wa kufunikiwa ni wewe, mgeni. Umekwenda kumtukana shemegi yako, mwanangu."

Marhoon alimpigia Muhsina simu mpaka vidole vikamuuma. Haikupokewa. Asubuhi akarudi dukani, uso hana pa kuuweka. Hatem alimwonyesha modemu ya nje, ya kuchomeka kwa waya, taa zake zinawaka.

"Hii Linux imeikubali. Nilitaka kumrudishia Windows, kazi ya saa moja, akakataa. Kila mchana anakuja kujaribu modemu nyingine, apate ya kukupa uichomeke kwa mkono wako, watu waseme umeweza wewe."

Marhoon akakaa chini kwenye boksi. "Nisamehe, ndugu yangu."

Hatem akachukua simu yake. Alipiga namba, akampa.

"Hatem?"

"Ni mie, Muhsina. Nimekosa. Nilikuona unacheka na mtu, wivu ukanipofua."

"Ungeniuliza ningekujibu."

"Ijumaa tuje?"

"Mjomba Sleyum ndiye mwenye kukujibu. Naye hatoi neno bila ya kumuuliza Hatem."

Ijumaa Marhoon na wazee wake wakaja nyumbani kwa mjomba. Halwa ikaliwa, kahawa ikanywewa. Mwisho mzee Sleyum akageuka.

"Hatem, Muhsina ni nduguyo. Bwana huyu unamjua?"

"Namjua," Hatem alisema. "Ana wivu, na wivu wake hauna adabu."

Bi Nunu, aliyekuwa kwa wanawake nyuma ya pazia, akakohoa. Marhoon akainamisha kichwa.

"Dada yangu nimemwambia hivyo hivyo," Hatem akaendelea. "Kasema analijua hilo, na bado anamtaka."