Mtoto Aliyezibwa Macho Kweli

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya pilipili ya Byadgi, mji wa kusini mwa India, wakati Vasudha aliposimama kwenye kibanda cha mama ntilie na kuomba unga uliokandwa.

"Chapati ngapi?" mwenye kibanda aliuliza.

"Sitaki chapati. Nataka unga wenyewe, mbichi. Donge kama ngumi mbili."

Mama yule alimtazama toka kichwani hadi miguuni. Macho yakaishia kwenye kipaza sauti chenye nembo ya televisheni kilichochomoza mkobani. Akacheka hadi mabega yakamtikisika.

"Kumbe ni wewe! Unakwenda kwa Bhumika. Sasa unga wa nini, dada? Mtoto yule hata umzibe kwa saruji, anasoma."

"Tutaona."

"Utaona nini tena? Si wewe mwenyewe uliyetuonyesha?"

Vasudha alipokea donge lake likiwa limefungwa kwenye jani la mgomba, akaenda zake. Hewa ya mji ule iliwasha. Pilipili ilikuwa imeanikwa kila uwanja, nyekundu kama kitu kilichochunwa, na vumbi lake lilipenya puani na kooni hata kwa mzaliwa wa pale.

Mama wa chapati alikuwa amesema kweli. Mwaka mmoja nyuma, Vasudha ndiye aliyempeleka Bhumika katika kila sebule ya jimbo. Binti wa kondakta wa basi, miaka tisa, nywele mafungu mawili. Walimwekea pamba machoni, wakamfunga kitambaa cheusi, wakampa gazeti. Alilinusa, akalisoma neno kwa neno. Vasudha akampa jina, Mtoto Anayesoma kwa Pua, na jina likashika. Baba yake, Rudresh, akaacha basi, akafungua ukumbi wa kuwafundisha watoto wa wenzake kufungua jicho la ndani. Wazazi wakajaa.

Lakini Vasudha aliuona ujanja siku ileile ya kwanza. Pale ambapo pamba ilikutana na pua palibaki pengo, jembamba kama punje ya mchele. Kila alipotaka kusoma, mtoto aliinua kidevu kidogo. Vasudha alimwinamia mpiga picha wake, mzee Dastagir, akamnong'oneza, "Sogea kushoto kidogo. Pua isionekane sana."

Sasa vituo vingine vilikuwa vimemnyang'anya mtoto, na bosi wake, Narahari, alikuwa amekata shauri. "Tulimpandisha sisi. Tumshushe sisi, kabla hawajatuwahi. Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni, moja kwa moja."

Na kulikuwa na barua.

Ilikuja miezi sita nyuma, kutoka kwa mkulima mmoja aitwaye Fakirappa, wa kijiji kilicho kando ya barabara kuu ya malori. Mwanawe Siddu, miaka saba, alikipenda sana kipindi cha Bhumika. Jioni moja alijifunga macho kwa tai yake ya shule, ya bluu, akasimama ukingoni mwa barabara, akawauliza wenzake, "Sasa nivuke?" Wenzake nao walikuwa wamekiona kipindi. Wakamwambia vuka. Barua haikuwa na tusi hata moja. Iliomba tu televisheni iwaambie watoto kwamba si kweli.

Narahari aliitia kwenye droo. Vasudha alimwona akiitia, akanyamaza. Jioni ile, akiwa na donge mkononi, alijiambia kwamba sasa anakwenda kumtafutia Siddu haki yake.

Karibu aliamini.

Mbele ya ukumbi wa Rudresh watu walikuwa wamefurika hadi barazani. Mzee Dastagir alikuwa amekwisha kusimamisha kamera yake. Kabla Vasudha hajaingia, mkono wa mtu ulimvuta kando, jikoni. Alikuwa Girija, mama yake Bhumika, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mtu aliyezoea kunyamazishwa.

"Dada, umekuja kuliziba lile pengo."

Vasudha alishtuka. "Kwa hiyo unajua."

"Mimi ndiye niliyemfundisha kulitumia."

"Basi umefundisha uongo."

"Ndiyo." Girija alitazama mlangoni, akasogea karibu zaidi. "Afadhali uongo. Baba yake alipoanza kumfunga macho, alimfunga kweli. Mtoto hakusoma chochote, dada. Alianza kuzungumza na watu. Watu ambao... hawapo. Nikamwambia, ukipata mwanga, hata kama uzi, ukamate. Soma karatasi yao. Usitazame kwingine. Akiwa na kitu cha kusoma, hawaoni wale. Na wale hawamwoni."

"Na akilala?"

"Taa haizimwi humu."

Vasudha alikuwa amekutana na waganga, watabiri, na mzee mmoja aliyejidai kuishi bila kula. Visingizio vyao alivijua vyote. Hiki kilikuwa kizuri kuliko vyote, na akasikitika kwamba Dastagir hakukirekodi.

"Nitakuwa mpole naye," alisema.

"Usimzibe kabisa. Nakuomba." Girija alimshika kifundo cha mkono. "Na kama utamziba, basi ukiulizwa chochote, usijibu. Hata kama swali ni dogo. Usijibu."

Saa kumi na mbili na nusu, taa ya kamera iliwaka.

Jaribio la kwanza lilikuwa kwa kitambaa kilekile cha siku zote. Bhumika alinusa gazeti, kidevu kikapanda, akasoma habari ya mvua na ya mashindano ya ng'ombe. Makofi. Rudresh akaunganisha mikono kuwashukuru watu, mafuta ya nywele yakimetameta.

Kisha Vasudha akalifungua jani la mgomba.

"Watazamaji, safari hii tutamsaidia mtoto wetu. Tutampunguzia usumbufu wa macho."

Watu wakacheka. Bhumika alipouona unga, alirudi nyuma mpaka kiti kikalia.

"Dada... hapa usizibe," alinong'ona, akigusa pembeni mwa pua.

"Kwa nini, mpenzi? Si unasoma kwa pua?"

Wakacheka tena, kwa sauti zaidi. Vasudha alikishika kichwa cha mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akakandika. Unga ulikuwa baridi. Aliukandamiza kwenye jicho la kulia, kisha la kushoto, akaushindilia kwa kidole gumba pande zote mbili za pua, mpaka mtoto akaguna. Juu yake akamvisha miwani ya kuogelea, na juu ya miwani akabandika plasta.

Akamwekea kadi mkononi. Ilikuwa na neno moja tu.

Bhumika aliinusa. Akainua kidevu. Akakiinua zaidi, na zaidi, hadi shingo ikanyooka kama ya kuku anayekunywa maji.

Kimya.

"Soma, mama," Rudresh alisema. "Soma tu. Usiogope."

"Pua imepata mafua!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Mletee pilipili inuse!" mwingine akadakia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Vasudha aligeukia kamera, akaonyesha kwa kidole chake chenye unga mahali pengo lilipokuwa. Alieleza taratibu, kwa ufasaha, kama mwalimu. Hakusema aliliona lini. Sikioni mwake, kupitia kile kidude cha kusikilizia, Narahari alikuwa anapumua kwa furaha.

"Endelea! Usimwachie! Mtoe machozi."

"Watazamaji, hatoi hata herufi moja. Bhumika, waambie watu ulikuwa unachungulia. Sema: nilichungulia."

Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeacha kuielekea kadi. Kilikuwa kinageuka, polepole, kuelekea mlango wa barazani. Akanusa.

Ndipo Vasudha naye akaisikia. Chini ya ukali wa pilipili... harufu nyingine. Mpira ulioungua. Breki za gari kubwa.

Mzee Dastagir alikohoa nyuma ya kamera.

"Dada," Bhumika alisema. Sauti yake haikuwa na hofu tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kuna mtoto."

"Watoto wapo wengi hapa."

"Huyu amejifunga tai ya shule machoni. Ya bluu. Amesimama pale, vidole vyake vya miguu viko ukingoni." Akatega sikio. "Anauliza."

Vasudha alimsogezea kipaza sauti. "Anauliza nini?"

"Sasa nivuke?"

Sikioni, Narahari alinyamaza. Katika miaka minane ya kazi, Vasudha hakuwahi kumsikia Narahari akinyamaza kipindi kikiwa hewani. Alizihesabu pumzi zake: moja... mbili... Kisha sauti ikarudi, ya chini. "Wameambiwa na mtu. Mcheke. Malizia."

Mlangoni mwa jikoni Girija alikuwa anatikisa kichwa. Hapana. Hapana. Hapana.

Jimbo zima lilikuwa linatazama. Vasudha alitabasamu.

"Mmesikia wenyewe? Pua ikishindwa, wanaleta mizimu. Haya, Bhumika, mwambie avuke."

"Haniulizi mimi," mtoto alisema. "Anakuuliza wewe."

"Basi na avuke!"

Hakuna kilichotokea.

Watu walicheka. Taa haikuzimika, mlango haukugonga. Ila uso wa Bhumika, uso ule usio na macho, uliozibwa unga na plasta, ulianza kugeuka. Ulitoka mlangoni, ukapita juu ya vichwa vya waliokaa mbele, ukapita kamera, taratibu, kama unamfuata mtu anayetembea kwa tahadhari. Ukasimama karibu kabisa na kiuno cha Vasudha.

"Amefika," Bhumika alisema.

Kilichofuata kilionyeshwa hewani kwa dakika kumi na moja. Wazazi waliolipia masomo ya jicho la ndani walimvamia Rudresh. Kandambili ziliruka, kisha viti, kisha kinyesi cha ng'ombe kutoka barazani. Mwanamke mmoja alimtemea mate Bhumika mapajani, akamwita mchawi mdogo, na dakika hiyohiyo mwingine akamwita mwongo mdogo. Mtoto alikaa vilevile, mikono juu ya kadi. Hakuna aliyekumbuka kumbandua ule unga.

"Dada Vasudha, tumtoe mtoto," mzee Dastagir alisema.

"Usishushe kamera."

"Ni mtoto, bibie."

"Nimesema usishushe."

Girija ndiye aliyepenya, akampeleka jikoni, akaukwangua unga kwa kucha. Ulikuwa umeanza kukauka, na kope zikatoka nao. Vasudha aliwafuata, kwa sababu kipindi kilihitaji picha ya mwisho. Bhumika alifumbua macho mekundu. Hakumtazama Vasudha usoni. Alitazama chini, upande wa mkono wa kulia wa Vasudha, akatabasamu kidogo, tabasamu la watoto wawili wasiojuana wanapokutana wakiwa wameshikwa mikono na wakubwa wao.

Kipindi kilisifiwa kila mahali. Magazeti yalimwita Vasudha sauti ya akili timamu. Familia ya Rudresh ilihama Byadgi kabla ya wiki kwisha, na hakuna jirani aliyekubali kusema walikokwenda.

Vasudha alivumilia wiki tatu. Usingizi ulimpungua, akasema ni kazi. Alianza kutembea akikwepa upande mmoja wa njia, akasema ni mgongo. Mwishowe alifanya alichopaswa kufanya mwanzoni. Alimwomba mzee Dastagir ampeleke kwa Fakirappa. Alitaka kuuliza jambo moja tu.

Walifika mchana, jua kali. Fakirappa aliwakaribisha, akamtandikia Vasudha mkeka, akampa maziwa mgando yaliyotiwa chumvi. Mkewe, Shantavva, alikuwa anapepeta mtama pembeni, hakuinua uso.

"Baba," Vasudha alisema, "ile barua uliyotuandikia. Kuna mwingine uliyempelekea?"

"Niliwaandikia na wale wazazi wa mtoto. Wiki ileile. Maneno yaleyale."

"Hata habari ya tai? Na alivyouliza?"

"Yote."

Vasudha alishusha pumzi ambayo alikuwa ameibana tangu Ijumaa ile. Kumbe! Barua tu. Walimkaririsha mtoto barua, mama akaandaa maigizo yake jikoni, na yeye, mwandishi mzima, akatishika. Harufu? Mji wa masoko, malori hayakosi. Alitaka kucheka. Alijizuia kwa heshima ya nyumba.

Ungo wa Shantavva ulisimama.

"Ilikuwa saa ngapi?" aliuliza. "Hicho kipindi chenu."

"Mke wangu, acha," Fakirappa alisema.

"Namuuliza mgeni. Sisi televisheni tuliiuza alipokufa mtoto. Ilikuwa saa ngapi?"

"Kuanzia kumi na mbili na nusu. Jioni."

Shantavva aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa hesabu aliyoijua.

"Tulikuwa tunamsikia," alisema. "Kila jioni, pale barabarani. Sasa nivuke? Sasa nivuke? Huyu baba yake hakupenda kwenda. Mimi nilikwenda. Nilikaa ukingoni, nikamwambia: bado, mwanangu. Ngoja. Bado. Akangoja. Miezi sita, kila siku namwambia bado, na ananisikiliza. Alikuwa msikivu sana." Alifuta mikono yake kwenye sari. "Ijumaa ile mbuzi alikata kamba. Nikachelewa. Nilipofika barabarani hakuna aliyeniuliza kitu. Na tangu siku hiyo hakuna."

Lori lilipita barabarani. Maziwa yakatetemeka kwenye kikombe.

"Kuna mtu alimwambia avuke," Shantavva alisema. Sasa aliinua uso. "Sina ugomvi, dada. Nataka kujua tu. Huko ng'ambo alikovukia, kuna nani wa kumpokea?"

Fakirappa aliinamisha kichwa. Mzee Dastagir alikuwa amesimama uani na funguo za gari mkononi. Baadaye aliwaambia watu kwamba hakuogopa chochote siku ile ila namna Vasudha alivyoondoka. Hakuaga. Alirudi kwenye gari hatua moja moja, fupi, kama anamngoja mtu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umening'inia mbali kidogo na mwili, kwenye kimo cha mtoto, vidole vimekunjwa nusu.