Mafuta Kwenye Mkanda

Kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wengi wa shule ya parokia katika mtaa wa Panda, kwenye mji wa migodi, walikimbilia nyumbani kula bukari, ugali wa kwao. Wanachama wa klabu ya ufundi hawakukimbilia popote. Walifungua chumba cha useremala, wakaondoa kitambaa juu ya meza, na gari lao likaonekana: gari dogo la mashindano linaloendeshwa kwa rimoti, lenye magurudumu mapana na springi nne zinazong'aa. Mhandisi mmoja aliyemaliza kazi yake mgodini ndiye aliyewaachia.

Ndani ya gari hilo hamkuwa na mnyororo. Mota ilizungusha mikanda miwili ya mpira yenye meno, mmoja mrefu wa kupeleka nguvu mbele na mwingine mfupi wa kuipeleka nyuma. Kwa hiyo magurudumu yote manne yalivuta pamoja, na gari lilipanda vichuguu vya udongo bila kusita.

Glodie, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa dereva. Nyumbani kwao kulikuwa na umeme wa jua, kwa hiyo yeye pia ndiye aliyechaji betri. Clovis, jirani yake na rafiki yake tangu darasa la kwanza, alikuwa fundi wa mikanda. Alisugua vumbi jekundu kwa mswaki mkavu, kisha akabonyeza mkanda kwa kidole. Alipenda kueleza hata asipoulizwa: mkanda ukikazwa mno, mota inapata moto, ukilegea mno, unaruka meno, na utausikia ukilia tra-tra-tra.

Mwalimu Casimir, msimamizi wa klabu, aliwakataza jambo moja tangu siku ya kwanza: mafuta yasiguse mkanda kamwe. Siku hiyo Glodie alikuwa dirishani akicheka na mwenzake Daniella. Maneno ya mwalimu yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Clovis alilelewa na mjomba wake, Arsène, mchimbaji katika migodi ya Kakanda. Mjomba huyo hakuwa mtu mbaya, ila hakuona faida ya watoto wakubwa kushinda wakichezea kigari. Alikuwa amemwambia Clovis waziwazi kwamba siku atakayosikia ameharibu kitu cha watu huko klabuni, ataacha klabu na kumfuata Kakanda kila Jumamosi kuosha mawe ya shaba. Clovis aliogopa sana. Mtaani kwao kulikuwa na wavulana walioanza na Jumamosi moja tu, wakaishia kuacha shule.

Mashindano dhidi ya shule za Kikula na Shituru yalikuwa yanakaribia. Jioni moja kabla ya majaribio, Glodie alibeba gari nyumbani ili kuchaji betri. Mama yake, Mama Alphonsine, alikuwa shemasi katika kanisa la Kipentekoste. Kanisani kwao, wanafunzi walipeleka kalamu zao kupakwa mafuta ya upako kabla ya mtihani. Washonaji walipeleka mikasi, na wenye pikipiki walizisukuma hadi mlangoni pa kanisa. Glodie alilitazama gari, akajiuliza kwa nini nalo lisiombewe.

Alichukua kichupa cha mafuta hayo ya upako kwenye kabati la mama yake. Kwa bisibisi akafungua kifuniko cha gari, akakumbuka Clovis alivyomweleza kwamba nguvu yote inapita kwenye mkanda. Basi akaupaka mkanda mrefu. Aliomba kwa moyo wake wote, na mkono ukazidi kidogo, kisha akarudisha kifuniko na kukaza skrubu zote. Alilala akiwa na furaha.

Kesho yake, uwanjani, gari liliondoka vizuri. Kwenye kona ya kwanza likaanza kulia tra-tra-tra, na mara likasimama, mota ikizunguka bure. Mwalimu Casimir alilifungua mbele ya wote. Mafuta yalikuwa yameshikana na vumbi na kuwa tope jekundu, tope limejaa kwenye gia, na mkanda mrefu umepanda juu yake hadi meno yamenyofoka. Mwalimu alichovya kidole, akakisugua, akakunja uso, akamuuliza fundi wake kama ni yeye.

"Clovis, njo weye ulitia mafuta?"

"Hapana, Mwalimu. Haiko minye."

Ricky, aliyetamani kazi ya fundi tangu zamani, hakungoja kuulizwa. "Kila siku eko natia grisi ku mnyororo ya pikipiki ya mjomba wake," alisema. "Mukono yake ilishazoea."

Wengine waliitikia kwa vichwa, kwa sababu ni kweli walikuwa wamemwona Clovis akipaka grisi ile pikipiki. Mwalimu alimuuliza tena, naye akajibu vilevile kwamba si yeye. Glodie alisimama pembeni na rimoti mkononi. Akisema, Ricky na wenzake watacheka kwamba mafuta ya kanisa la akina Glodie yameua gari. Watalicheka kanisa, watamcheka mama yake, pengine watamcheka hata Mungu. Alijiambia kwamba akinyamaza atakuwa amelinda jina la Mungu. Basi akanyamaza.

Mwalimu Casimir aliamua kwamba Clovis asiguse tena gari mpaka akubali kosa lake. Clovis aliweka mswaki mezani, akamtazama Glodie mara moja tu, akaondoka.

Tangu hapo mambo hayakwenda sawa. Ricky, aliyepewa kazi ya fundi, alifunga mkanda wa akiba, wa mwisho waliokuwa nao, na kwa kuogopa usiruke meno akaukaza kwa nguvu zake zote. Gari likawa zito. Mota ilitoa harufu ya kuungua na betri iliisha upesi. Glodie aliona yote hayo, lakini hayakumsumbua kama kiti cha Clovis kilichokaa kitupu. Chakula kilimshinda. Kila alipofumba macho kusali, maneno hayakuja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, naye alikuwa ameanza kuumbuka: Daniella alimuuliza kama ana malaria.

Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, akitoka shule, alipita kwa akina Clovis. Alimkuta uani akishona gunia lililotoboka. Karibu naye kulikuwa na mabuti ya mpira ya mjomba, makubwa mno kwa miguu yake, na matambara ya kujazia vidoleni.

"Mjomba alishasikia. Kesho naenda Kakanda," Clovis alisema bila kuinua kichwa.

Glodie alitaka kusema, lakini aliyatazama yale mabuti, akashindwa. Aliaga kwa sauti isiyosikika, akatembea hadi nyumbani huku machozi yakimtoka. Mama Alphonsine alikuwa anapanga vitenge alivyorudi navyo sokoni. Alipomwona binti yake, aliacha kazi, akamketisha. Hapo Glodie alisema yote, tangu kichupa hadi mabuti, na hakujitetea hata kidogo. Alisema aliogopa watu watacheka mafuta ya Mungu.

Mama hakupiga kelele. Alikunja kitenge kilichobaki, akakiweka juu ya vingine. Kisha mama akasimama na kujifunga kitenge.

"Vaa viatu," alisema. "Tunaenda kwa Arsène. Minye nitakupeleka, lakini weye njo utasema."

Walimkuta mjomba Arsène akikagua tairi za pikipiki yake. Mama Alphonsine alimsalimu, akamwambia kwamba mtoto ana neno, kisha akarudi nyuma hatua moja. Glodie alisema. Alieleza yote hadi mwisho: si Clovis aliyetia mafuta, ni yeye, na alikaa kimya mwenzake akifukuzwa.

Mjomba aligeuka polepole. "Clovis, juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuambia haiko minye, mjomba. Haukusadiki."

"Lakini ulijua ni nani?"

Clovis aliangalia chini. "Nilisikia harufu. Ile haikukuwa grisi ya pikipiki, ilikuwa mafuta ya kanisa. Nilijua ni Glodie." Akamalizia kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nangojea aseme yeye mwenyewe. Nilingojea sana."

Glodie alilia kwa uchungu. Kumbe siku zote hizo rafiki yake alikuwa amejua! Angeweza kumtaja, hakumtaja, na huku anamshonea mjomba gunia. Mama Alphonsine alimwomba ndugu Arsène msamaha kwa niaba ya nyumba yake. Mjomba alijikuna kidevu, akaokota yale mabuti na kuyaweka ndani. Alisema mawe ya Kakanda hayana haraka, na kwamba kijana aende kesho kwenye gari lake. Kisha akamwambia Clovis kwamba yeye naye alikosea kutomsadiki. Alisema hayo haraka, kama mtu asiyezoea kusema maneno ya namna hiyo.

Asubuhi uwanja ulikuwa umejaa. Kabla ya mbio kuanza, Glodie alimwomba Mwalimu Casimir ruhusa, akasimama mbele ya klabu nzima na kurudia aliyoyasema jana. Aibu aliyoiogopa ilikuja kweli. Ricky alicheka kwamba upako umeua gari, na wawili watatu wakacheka naye. Lakini walipomwona Clovis hacheki, wakaacha. Ricky mwenyewe akabaki anatazama viatu vyake.

Mwalimu Casimir alimgeukia Clovis mbele ya wote. "Nilikuhukumu na maneno ya bantu wengine," alisema. "Sikukutafutia ukweli. Unisamehe."

Kisha akamkabidhi zana, akamwambia gari ni lake na achague mwenyewe nani ataliendesha. Clovis aliinama juu ya gari. Alifungua kifuniko, akabonyeza mkanda, akatikisa kichwa. Aliulegeza kidogo, akabonyeza tena, akalegeza tena, mpaka akaridhika. Alisugua gia, akaweka springi laini zaidi mbele kwa sababu njia ilikuwa na matuta. Glodie aliweka rimoti mezani, akarudi nyuma, kwa kuwa aliona hana haki ya kuishika.

Clovis aliichukua rimoti, akamfuata nayo.

"Endesha," alisema. "Lakini ukisikia tra-tra, simamisha, uniambie. Usinyamaze tena."

Hawakushinda. Gari la Shituru lilikuwa na mota yenye nguvu zaidi, na Glodie alilipindua gari mara moja kwenye kichuguu kwa sababu alichelewa kugeuza. Lakini mkanda haukuruka hata jino moja, na walimaliza mbio wakiwa nyuma ya Shituru tu. Mjomba Arsène, aliyekuja ati kuangalia kidogo, alibaki hadi mwisho, na alipiga kelele kuliko wazazi wote.

Jioni, wakirudi nyumbani, Glodie alimuuliza mama yake kama alikosea kuliombea gari. Mama Alphonsine aliendelea kutembea. Walipofika karibu na lango lao, alisimama.

"Kuomba haiko mubaya," alisema. "Kuweka mafuta pale walikukataza, ile ni kosa ya mutoto asiyesikiliza mwalimu, na inatengenezwa. Lakini ile mafuta haina kinywa, haingeweza kusema 'njo minye'. Weye uko na kinywa, na ulinyamaza mwenzako akibeba kosa yako. Ulisema unalinda jina ya Mungu. Hapana, mwanangu, ulilinda jina yako. Mungu haogopi kuchekwa, na hatumi muntu amufichie kitu. Muntu wa Mungu anajulikana pale anasema kweli, hata kama kweli inamuletea haya."

Glodie aliinamisha kichwa. Mama yake alimshika bega, akafungua lango.

"Leo ukipiga magoti," alisema, "anzia ku jina ya Clovis."