Mlo wa Watu Wawili

Siku ya gulio pale Nkwenda, anayetaka kukanyagwa mguu hana haja ya kuomba. Egbert, mnunuzi wa kahawa kutoka Muleba, alikanyagwa na msichana aliyebeba sufuria inayofuka mvuke, kavaa kitenge cha kijani na kilemba cha njano kilicholalia sikio.

"Samahani, kaka. Nilikuwa naiangalia sufuria."

"Ina nini cha kuangaliwa hivyo?"

"Isombe. Majani ya muhogo na karanga, kama wapikavyo Rwanda."

"Majani? Kwetu hayo tunawaachia mbuzi."

"Basi mbuzi wenu wanakula vizuri kuliko wewe. Njoo uonje."

Akamfuata hadi mgahawa wa mama yake, Speciose. Akaonja, akaongezewa, akalamba vidole bila haya. Msichana aliitwa Kantengwa. Alizaliwa Kaisho, kwa wazazi waliokimbia Rwanda, nchi ambayo yeye hajapata kuiona.

Tangu hapo Egbert hakukosa mgahawani. Alipanga chumba gesti, hana ndugu pale Nkwenda, na mtu mzima anayekula peke yake kila jioni mwishowe huanza kuzungumza na kijiko.

"Kaa basi tule wote, mpenzi," alimbembeleza Kantengwa.

"Nimeshiba."

"Umeshibia wapi?"

"Kwa kukutazama."

Walicheka, lakini Kantengwa tonge hakugusa. Kilichomuuma Egbert ni kwamba wanunuzi wa maharage alikula nao vizuri tu, akitafuna na kutaniana.

Mwaka huo wa 1995, mvua zilipokatika, alimtamkia Kantengwa ndoa, akampeleka Muleba kwa shangazi yake, Adventina. Shangazi alipika ndizi kwa nyama, akakaanga senene, akaandaa juu ya majani ya mgomba kama ilivyo desturi ya Wahaya. Kantengwa alipiga magoti, kavaa gauni jeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ule."

Akaweka mikono mapajani. "Asante, mama. Nimeshiba."

Shangazi akamsogezea senene. Wapi! Kantengwa alipoondoka, Adventina alikunja jani na chakula chake.

"Anayekataa chakula chako amekukataa wewe. Huyo anatuonea kinyaa."

Neno hilo lilimchoma Egbert. Akaacha kupita mgahawani. Alikula ugali wa gesti ameukabili ukuta, akimlaani Kantengwa na kumtamani kwa pamoja, na upweke ukamkondesha hadi mkanda ukahitaji tundu jipya. Ndoa hakuitamka tena, wala wazee wa kuposa hakuwatuma.

Asiyekuwepo na lake halipo. Siku moja alisikia sokoni kwamba familia za Kaisho zinarudi Rwanda. Akaazima baiskeli, akakanyaga hadi Kaisho bila kupumzika. Alimkuta Kantengwa uani akifunga magodoro. Lori lilikuwa linakuja kesho yake.

"Kwa nini ulikataa chakula cha shangazi?"

"Kukataa?" Kantengwa alimkodolea macho. "Kwetu binti hafungui kinywa kula mbele ya wakwe, Egbert. Wala mbele ya mwanamume anayetaka amwoe. Watu baki nakula nao. Wewe nilikuonea aibu tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Nilidhani unaona ninavyokuheshimu."

Egbert aliigeuza baiskeli. "Leo hii naleta wazee!"

"Baba aliwangoja wazee wako mpaka akachoka. Akaja mtu wa Kibungo, kule Rwanda, akaleta ng'ombe. Baba amempokea."

"Mrudishieni!"

"Ng'ombe wa posa harudishwi kwa sababu mtu amechelewa."

Egbert alilia, na hakujificha. Speciose alitoka jikoni na sinia moja: isombe, ugali wa muhogo, na ndizi za kuchemsha kwa ajili ya mgeni. Akaliweka mkekani, akawaacha.

Kantengwa alinawa mikono. Akaketi mkabala na Egbert, akamega tonge la ugali, akachovya, akatia kinywani. Alitafuna polepole, machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

"Karibu, kaka," alisema. "Tule."

Miezi yote ile Egbert alikuwa ametamani kumwona anakula mbele yake. Sasa alimshika mkono.

"Acha, Kantengwa. Nakuomba, usile."

Kantengwa aliutoa mkono wake taratibu, akamega tonge jingine.