Maua ya Katikati

Tablette ya pili ilikuwa na joto, na tangu asubuhi hakuna mtu aliyekuwa ameiwasha. Kasika aliisikia joto kiganjani, akadhani ni jua la dirishani. Jua gani? Siku ile mji wa Sake ulikuwa ukungu mtupu, na mabomu yakigonga moja moja milima ya Masisi.

Kasika alikuwa mpiga picha. Alitaka tablette ya kusafishia picha zake na ya kuwaonyeshea wateja albamu yake, maana kompyuta iliibwa walipokimbia vita, na wateja walikuwa wamechoka kutazama harusi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Papa Jérôme, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, alimwekea mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa mpya, bado ndani ya sanduku lake la karto. Kasika akaweka humo picha anayojaribia kila kioo: bibi harusi mweusi tii, gauni jeupe, mkufu mwekundu. Kwenye ile mpya uso wa bibi harusi uligeuka majivu. Kwenye ile ya pili, weee! Ngozi ilikuwa ngozi. Wekundu ulikaa mahali pake, na kila uzi wa gauni ulionekana.

"Kaka, kamata hii ya mupya," Papa Jérôme alisema kwa sauti ya chini, akiangalia mlango. "Ile ingine ilitokaka kule Mpofi, Walikale. Mwenye nayo alikuwa anapigaga batu picha mbele ya kubaua. Balimukuta na yeye amekufa, iko juu ya kifua yake."

"Na juu ya nini unaiuzisha?"

"Niliitupaka mu ziwa. Kesho yake nikaikuta ku etajere, pale ninapangaka bintu, imekauka."

Kasika akacheka. "Papa, wewe unataka tu kuniuzisha ya mupya!"

Sikio la kufa halisikii dawa. Akaibeba ya pili, akaenda nayo nyumbani akipiga mluzi.

Sasa sikilizeni. Wapiga picha wa huku wana kazi moja waliyopewa na vita. Mtu anauawa, familia haina picha yake isipokuwa ile ndogo ya kadi ya uchaguzi. Mpiga picha anakikata kile kichwa, anakivalisha suti, anamsimamisha marehemu pamoja na mjane wake mbele ya pazia zuri. Na kila aliyejifunza kazi hiyo Sake analijua sharti: kati ya mfu na mzima unaweka chombo cha maua. Upande wa huku wa maua ni wa wazima. Upande wa kule ni wao. Picha ipendeze isipendeze, maua unaweka.

Libérata, mjane wa muuza maziwa aliyeuawa kwenye barabara ya Masisi, alileta kadi ya mumewe. Kasika akaanza kazi kwenye tablette. Lakini kioo kile hakikuficha kitu: maua yalionekana wazi kuwa ya kubandika, kingo zimekatwa vibaya, aibu tupu kwenye albamu ya fundi. Akayafuta. Akauchukua mkono wa marehemu, akauweka begani mwa Libérata. Picha ikapendeza mno.

Mkewe, Kyakimwa, mwenye mimba ya kukaribia kuzaa, alisimama nyuma yake.

"Kasika, maua iko wapi?"

"Ilikuwa mubaya. Angalia vile wanapendeza."

"Irudishe."

"Nitairudisha kesho."

Kesho! Neno hilo limezika wengi.

Kesho yake, jua la saa sita, Libérata alikuwa sokoni anapima maharagwe wakati bega lake lilipoingia ndani. Hakuna aliyemgusa. Mkono ulizunguka, ukazunguka tena, ngozi ikachanika kwapani na damu ikaruka juu ya maharagwe, naye akipiga yowe na kulitaja jina la mume wake, akimsihi amwachilie. Alikata roho akiwa njiani kupelekwa hospitali ya Kirotshe.

Kasika alipopata habari akakimbilia tablette. Kwenye picha, Libérata alikuwa amebaki peke yake. Mwanaume wa suti alikuwa amehamia picha iliyofuata, ya ubatizo, nyuma ya baba wa ubatizo aliyeitwa Archange. Ile sura ya muuza maziwa ilikuwa imemtoka. Uso wake sasa ulikuwa laini kama ugali uliopapaswa na mwiko, bila macho wala mdomo. Nyumba nzima ikanuka baruti na damu iliyolala.

Hakulala mtu. Asubuhi Archange akakutwa uani kwake, shingo imenyongwa mpaka kisogo kikakaa mbele.

Kasika alifuta picha zote. Zikarudi. Akachukua nyundo akakipiga kioo kwa nguvu zake zote, na kioo hakikupata hata mkwaruzo, ila jikoni Kyakimwa akaanguka akilia, shavu limepasuka, alama ya nyundo imekaa pale pale. Mungu wangu! Hapo ndipo Kasika alipoelewa: kinachopiga kioo humpata aliye pichani. Albamu yake ilibakiza picha moja tu mbele ya yule mgeni: harusi yake mwenyewe, yeye na Kyakimwa bega kwa bega.

"Hii njo jini," Kyakimwa alinong'ona, ameshika tumbo. "Lilikula kule Mpofi, na wewe umelifungulia mulango. Weka maua, Kasika. Weka mbio."

Umeme ulikuwa umekatika tangu mabomu yaliposogea, na betri ilikuwa inakaribia kuisha. Kasika aliifungua picha ya harusi. Jini lilikuwa limekwisha kuingia. Lilikuwa limejipenyeza katikati yao, limewatenganisha, mkono mmoja nyuma ya shingo yake na mwingine juu ya tumbo la Kyakimwa.

Ukungu ukaingia kwa dirisha lililofungwa, na hapo chumbani, mchana kweupe, zikasikika buti zenye matope zikikanyaga sakafu, zikija polepole, na Kyakimwa akainuliwa kutoka kwenye kiti kama mtu anayebebwa na mikono asiyoiona, nguo ikabonyea juu ya tumbo lake kwa umbo la vidole, damu ikaanza kumchirizika miguuni, naye hakuweza kupiga kelele kwa sababu pumzi yote ilikuwa imekamuliwa, na Kasika, vidole vyake vikiteleza kwa jasho, akakitafuta kile chombo cha maua mabaya, akakikuta, akakivuta, akaona kwamba betri ingemruhusu kuweka kimoja tu, na pande zilikuwa mbili.

"Na kwako!" Kyakimwa alikoroma. "Weka na kwako!"

"Betri iko inakufa, Mama."

Akakiweka upande wa mkewe. Akabonyeza kuhifadhi. Kioo kikazimika.

Kyakimwa akaanguka chini, pumzi ikamrudia, na ndani ya tumbo mtoto akapiga teke. Akalia kwa furaha. Akainua uso amwambie mumewe, akakuta Kasika amesimama wima mbele yake, miguu haigusi sakafu, na shingo yake inazunguka taratibu. Alikuwa bado anamtazama mke wake. Aliendelea kumtazama mpaka mfupa ulipolia.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike. Tablette Kyakimwa aliizika, ikarudi kwenye etajere ya nyumbani kwake. Papa Jérôme aliitupa tena ziwani, ikarudi. Tangu hapo haijatiwa umeme hata siku moja, na bado ina joto, na inawaka yenyewe kwenye picha ile ile. Upande wa huku amesimama Kyakimwa na gauni lake jeupe. Kisha maua. Upande wa kule, wanaume wawili wa suti. Yule asiye na uso anasukuma, na Kasika amekikumbatia chombo kwa mikono miwili, meno nje, miguu imejikita, asikubali kisogee.

Kyakimwa huitazama kila asubuhi kabla ya kumnyonyesha mtoto. Humwambia mumewe, "Shikilia, Papa." Jana aliona ua moja limeanguka pale pichani miguuni mwake mwenyewe, upande wa huku, na buti moja yenye matope imelikanyaga.