Zamu ya Mwenyewe

"Shikamoo, mama," Idrisa alisema mlangoni.

Mama yake alikuwa anapepeta mchele. Hakuitika. Akamsalimia tena, kwa sauti zaidi; mama akapuliza makapi, akaendelea na ungo wake. Jamani, Idrisa alikuwa amechoka, hata hasira hakuwa nayo. Akajitupa kitandani na viatu vyake.

Uchovu ule ulitoka kwenye banda la mitambo, kwenye mfereji wa Kihurio. Wakulima walimpa kazi ya kuandika programu ya kufungua malango ya maji kwa zamu, naye akaiandika kwa C, lugha ya kompyuta. Programu ilisoma faili dogo la mipangilio, mstari kwa mstari: jina la mkulima, lango lake, saa zake. Mstari ukianza na alama ya reli (#), programu inauruka kama vile haupo.

Mstari mmoja ulimkera. "Mwenyewe", lango la mwisho, linalomwaga maji kwenye mawe na vichaka, pasipo hata shina la mpunga.

"Hiyo zamu tumeikuta, ni ya mwenye maji," mlinzi wa mfereji, Mzee Swalehe, alimwonya. "Usiiguse."

Lakini simu za wakulima hazikumwacha alale: maji hayatoshi, Idrisa, maji hayatoshi! Jioni ile, kabla ya kurudi nyumbani, akaweka reli mbele ya Mwenyewe, akaenda zake. Sijamfuta, alijiambia. Nimemruka tu.

Tangu siku ile nyumba ikanuka tope bichi, na ukame wote ule. Chini ya sakafu maji yakasikika yakipita. Mkewe, Fadhila, akaacha kumwekea sahani. Idrisa alipomshika bega, Fadhila alijikunyata kama aliyepigwa na baridi, akanong'ona, "Mama, hivi Idrisa harudi leo?"

Hapo uchovu ukamwishia, woga ukamwingia. Akakimbia mchana kweupe hadi bandani, akiwapita watu aliokua pamoja nao tangu utotoni, akiwaita kwa majina yao, na hakuna aliyegeuza shingo.

"Mzee, unaniona?"

"Kwa shida," Mzee Swalehe alijibu chinichini, akikodoa macho. "Umemruka, naye anakuruka. Rekebisha, upesi!"

Idrisa akafungua faili, akaitoa ile reli, akahifadhi. Lango la mwisho likalia, maji yakashuka kwenye mawe kwa kishindo. Alhamdulillahi! Kisha akaona mstari wenye jina lake, mstari asiouandika yeye, na mbele yake reli ambayo hakuiweka, akaifuta, akahifadhi, akafungua tena, ikawa imerudi, akaifuta tena huku harufu ya tope ikimjaa puani, na ilipokuja tena ilikuja mbele ya macho yake, bila mkono wa mtu.

"Idrisa?" Mzee alikuwa anakitazama kiti. "Umekwenda wapi?"

"Niko hapa, mzee! Niko hapa!"

"Nipo, mzee," sauti ya Idrisa ilijibu kutoka mlangoni, nyuma yao.

Mzee akageuka, akashusha pumzi. "Ah! Umenitisha, mwanangu. Nenda nyumbani ukapumzike."

Idrisa akamfuata yule mtu mwenye sura yake njia nzima, akimvuta shati, vidole visishike kitu, mpaka kizingitini.

"Shikamoo, mama," yule mtu alisema.

Mama akaweka ungo chini, uso umemchanua.

"Marahaba, baba. Mbona miguu imelowa hivyo?"